Kipande na Saini ya Mwajiri

Kipande kilikuwa cheti cha usajili ambacho kila mwanamume Mwafrika wa Kenya ya kikoloni aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa nacho kila alipotoka nje ya rizavu ya watu wake. Kilianza kutolewa mwishoni mwa 1919 na kikadumu karibu miaka thelathini. Ndani yake mliandikwa jina, kabila, wilaya, chifu na rika la mwenyewe, zikapigwa alama za vidole, kisha zikafuata safu za kujazwa na mwajiri: tarehe ya kuanza kazi, aina ya kazi, mshahara, tarehe ya kuacha kazi, na saini. Karatasi ilikunjwa ikatiwa ndani ya kikopo cha chuma chenye kamba, na kikopo kikavaliwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi.

Fedheha ya kikopo kile shingoni ndiyo iliyokumbukwa zaidi vijijini, na watu walikuwa na haki ya kuikumbuka. Uzito wa sheria yenyewe, hata hivyo, ulikaa mahali padogo zaidi, katika safu ya mwisho ya karatasi. Kibarua asiyetiwa saini ya kuachishwa alihesabiwa bado ni wa mwajiri wake, hata kama ameshafika kwao, na mtu mwingine yeyote aliyemwajiri alivunja sheria. Kwa hiyo mapatano ya mshahara kati ya watu wawili yaligeuka kuwa jambo la polisi, mahakama na gereza, na ufunguo ukawa mkononi mwa upande mmoja tu.

Msingi wa jambo hili uliwekwa kabla ya kipande kubuniwa. Mwaka 1906 serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki, kama Kenya ilivyoitwa wakati huo, ilipitisha sheria ya mabwana na watumishi, ikaikaza tena mwaka 1910. Kibarua aliyeondoka kazini kabla ya mkataba kwisha, aliyezembea, aliyelewa saa za kazi au aliyekataa amri halali ya mwajiri aliweza kutozwa faini au kufungwa. Katika sheria ya kawaida ya mikataba, anayevunja mapatano hushitakiwa kwa madai na huamriwa kulipa hasara aliyoisababisha, hafungwi. Sheria ya 1906 iliyafanya makosa ya mtumishi kuwa jinai. Uingereza nayo iliwahi kuwa na sheria za namna hiyo kwa wafanyakazi wake, ikazifuta mwaka 1875 baada ya vyama vya wafanyakazi kuzipinga kwa miaka mingi. Watawala walioleta sheria hii Nairobi miaka 31 baadaye hawakuweza kudai kwamba hawakujua ubaya wake. Walikuwa wameshauona kwao na kuuondoa.

Sababu ya kuitaka ilikuwa mashamba. Walowezi waliopewa ardhi ya nyanda za juu walikuwa na maelfu ya ekari na mikono michache ya kuzilima, na wenyeji wenye mashamba yao hawakuwa na haja ya kwenda kumlimia mtu mwingine kwa rupia chache kwa mwezi. Serikali ikawasukuma kwa kodi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasiokuwa na nyumba. Zote zilidaiwa kwa fedha, na kwa wengi njia ya karibu ya kupata fedha ilikuwa kazi ya mshahara. Tume ya kazi iliyokaa mwaka 1912 na 1913 chini ya Jaji Jacob Barth ilisikiliza walowezi wakieleza wazi walichotaka. Lord Delamere, kiongozi wao mashuhuri, alisema rizavu zipunguzwe ili watu wasiwe na ardhi ya kuwatosha na walazimike kutoka kutafuta kazi.

Tume hiyo hiyo ilipendekeza usajili. Malalamiko ya waajiri yalikuwa kwamba sheria ya 1910 ilikuwa kali vitabuni na dhaifu mashambani. Kibarua aliyechoshwa na viboko vya nyapara au posho mbovu aliondoka usiku, akajipa jina jingine, akaandikwa kazi kwenye shamba la pili. Mwajiri wake wa kwanza hakujua kwao wala chifu wake, na hakimu hakuweza kumhukumu mtu asiyepatikana. Kutoroka huku kulikuwa silaha pekee ya kibarua. Hakuwa na chama wala kura, na mahakama iliyo karibu haikuwa yake; alichokuwa nacho ni miguu yake na uwezo wa kuchagua mwajiri aliye afadhali. Shamba lenye sifa mbaya lilikosa watu, na hilo peke yake liliwazuia baadhi ya waajiri kuzidi. Usajili ulikusudiwa kuiondoa silaha hiyo.

Sheria ya usajili wa wenyeji ilipitishwa mwaka 1915. Mwaka huo huo sheria mpya ya ardhi iliifanya ardhi yote iliyokaliwa na Waafrika kuwa mali ya Taji la Uingereza na kuwapa walowezi nafasi ya kukodi kwa miaka 999. Vita dhidi ya Wajerumani vilichelewesha usajili usianze, lakini vilileta mazoezi yake. Wanaume walikusanywa kwa makumi ya maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, wakapewa namba na kuorodheshwa kwa wilaya na chifu. Wengi hawakurudi, waliuawa zaidi na kuhara, malaria, njaa na uchovu kuliko na risasi. John Ainsworth, aliyesimamia ukusanyaji wa wapagazi kuanzia 1917, ndiye aliyekuwa kamishna mkuu wa mambo ya wenyeji wakati vipande vilipoanza kugawiwa.

Gavana mpya, Jenerali Edward Northey, alifika mwaka 1919 na mpango wa kuwapa mashamba askari Wazungu waliotoka vitani. Mashamba mapya yalitaka vibarua wapya, katika nchi iliyokuwa imepungukiwa na watu kwa vita, njaa na homa ya mafua ya 1918. Oktoba 1919 ukatoka waraka uliotiwa saini na Ainsworth ukiwataka maofisa wa wilaya na machifu wahimize watu waende kufanya kazi kwa Wazungu, wakiwemo wanawake na watoto pale mashamba yalipokuwa karibu. Neno lililotumika lilikuwa kuhimiza. Chifu aliyesoma waraka ule, na aliyejua kwamba majina ya machifu wavivu yangepelekwa juu, hakuhitaji kuelezwa maana yake.

Maaskofu wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dakta Arthur wa misheni ya Waskoti, waliandika kulalamikia waraka huo. Malalamiko yao yalifika mbali, yakasomwa London na kuzaa mjadala bungeni, lakini hawakupinga kazi ya lazima kwa jumla: walikubali kwamba ingeweza kuamriwa kisheria kwa shughuli za umma, mradi isiachwe mikononi mwa machifu bila mipaka. Mwaka 1921 Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa makoloni, aliamuru maofisa wa serikali wasishiriki tena kuwatafutia waajiri binafsi vibarua. Amri hiyo haikugusa kipande. Daktari Norman Leys na mhandisi McGregor Ross, waliowahi kuitumikia serikali ya Kenya, waliandika vitabu vilivyochapishwa mwaka 1924 na 1927 vikiushambulia mfumo wote wa kazi, na kwa miaka mingi walibaki miongoni mwa Wazungu wachache waliouona usajili wenyewe kuwa dhuluma.

Wakati huo vipande vilikuwa vikigawiwa kwa wingi wilaya baada ya wilaya. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930 vilikuwa vimetolewa zaidi ya milioni moja. Utaratibu ulikuwa rahisi na thabiti. Mwanamume alikwenda kwenye ofisi ya wilaya, karani akamwandika, akapigwa alama za vidole, na kumbukumbu ikapelekwa Nairobi. Alipoandikwa kazi, mwajiri alijaza safu zake kwenye kipande na kuiarifu ofisi kuu. Kibarua akitoroka, mwajiri alipeleka taarifa yenye namba ya kipande. Ofisi ikatazama kumbukumbu zake, ikaandika kwa mkuu wa wilaya ya mtu huyo, naye akamtuma askari au chifu kumkamata. Kujipa jina jingine hakukufaa tena, kwani vidole vilikuwa Nairobi. Gharama ya msako ilikuwa ya serikali, yaani ya walipa kodi, ambao wengi wao walikuwa vibarua wenyewe.

Safu ya mshahara ilikuwa na madhara yake ya kimya. Kibarua aliyelipwa shilingi nane shamba la kwanza alikwenda la pili akiwa ameubeba mshahara wake wa zamani shingoni, na bwana mpya hakuona sababu ya kumpa kumi. Katika soko lolote muuzaji huficha bei ya chini aliyowahi kuikubali. Kibarua wa Kenya alilazimishwa na sheria kuionyesha kwanza. Kwa watumishi wa nyumbani jambo lilikwenda mbali zaidi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 ikapitishwa sheria ya kuwapa vijitabu vya peke yao, ambamo mwajiri aliandika pia tabia ya mpishi, boi au yaya. Neno moja la hasira kutoka kwa mama mwenye nyumba lilitosha kumfungia mtu milango ya mji mzima.

Ilipofika kwenye saini ya kuachishwa, mlolongo wa mamlaka ulijionyesha wote. Mwajiri aliyetaka kumbakisha kibarua wake aliweza kuchelewa kutia saini. Aliyegombana naye aliweza kukataa kabisa. Kibarua aliyedhulumiwa mshahara aliruhusiwa na sheria kwenda kushitaki, lakini ofisi ya hakimu ilikuwa mwendo wa siku moja au mbili, na kuondoka shambani bila ruhusa lilikuwa ndilo kosa lenyewe la kutoroka. Mlalamikaji alifika barazani akiwa tayari mtuhumiwa. Zaidi ya hayo, kukutwa njiani bila kipande kulikuwa kosa peke yake, hata kwa mtu asiye na deni la kazi kwa yeyote. Askari alisimamisha watu mjini, stesheni na barabarani, na aliyesahau kikopo chake nyumbani alilala mahabusu. Watu wa namna hii walijaa magerezani kiasi kwamba mwaka 1925 serikali ilianzisha kambi maalumu za kuwaweka waliohukumiwa kwa makosa ya kodi, kipande na mengine kama hayo, ili wasichanganywe na wezi. Kuanzishwa kwa kambi hizo ni ushahidi kwamba watawala wenyewe walijua hawakuwa wakifunga wahalifu.

Watetezi wa kipande walikuwa na hoja zao, na mojawapo inastahili kusikilizwa. Walisema cheti kilimlinda kibarua: mshahara ulioandikwa usingekanushwa, na aliyekufa mbali na kwao angetambuliwa na ujira wake kupelekwa kwa jamaa zake. Ni kweli kwamba maandishi humsaidia mnyonge anapobishana na mwenye nguvu. Lakini ulinzi huo haukuhitaji kifungo kwa aliyeondoka, wala amri ya kuuvaa mkataba shingoni, wala ubaguzi wa rangi. Karani Mhindi na meneja Mzungu walifanya kazi kwa mikataba pia, na hakuna aliyependekeza wapigwe alama za vidole ili walindwe.

Nchi jirani ilijua kipande cha sura nyingine. Katika milima ya Usambara, chini ya Wajerumani, wanaume walipewa kadi kuanzia mwaka 1907, wakatakiwa kumfanyia Mzungu kazi ya ujira kwa siku 30 katika kila miezi minne. Ambaye kadi yake haikujaa alipelekwa kwenye kazi za serikali. Baadaye, katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika ya Waingereza, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na kibarua alilipwa alipokimaliza. Kadi hiyo ilihesabu kazi. Cha Kenya kilimfuata mtu mwenyewe tangu ujana hadi uzee, awe kazini au asiwe kazini.

Upinzani ulianza mara tu vipande vilipoenea. Mwaka 1921 bei za mazao zilianguka, fedha zikabadilishwa kutoka rupia hadi shilingi, kodi ikapandishwa hadi shilingi 16, na walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Harry Thuku, kijana wa Kiambu aliyefanya kazi ya simu katika ofisi ya hazina mjini Nairobi, aliunda chama kilichoitwa baadaye East African Association, kikiwakusanya wafanyakazi wa makabila mbalimbali na kuungwa mkono na Wahindi kama Manilal Desai, mwenye gazeti la East African Chronicle. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yake ya kwanza. Katika mikutano yake aliwahimiza watu wakusanye vipande vyao ili virudishwe kwa gavana.

Thuku alikamatwa Machi 14, 1922. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi ukidai aachiwe. Tarehe 16 wajumbe wa umati walipowaomba watu watawanyike, wanawake walikataa. Mmoja wao, Muthoni Nyanjiru, akawakemea wanaume kwa kuinua nguo yake mbele yao, akawaambia wampe suruali zao, na umati ukasogea kuelekea lango. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Serikali ilitaja vifo 21. Wengine walihesabu zaidi ya mara mbili ya hivyo. Wanawake hawakusajiliwa na sheria ya 1915, hivyo Nyanjiru hakuwahi kuvaa kikopo. Alijua hata hivyo jinsi waraka wa 1919 ulivyowapeleka wasichana mashambani, na jinsi kodi na vipande vilivyotoa wanaume nyumbani na kuwaachia wake zao kulima peke yao.

Thuku alipelekwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani, na hakuruhusiwa kurudi kwao hadi mwisho wa 1930. Kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Kipande hakikuguswa. Kikuyu Central Association, kilichoanzishwa miaka michache baadaye, kilikitaja katika maombi yake kwa serikali, na Jomo Kenyatta alipokwenda London mwaka 1929 alipeleka malalamiko hayo pamoja na yale ya ardhi. Majibu ya miaka ile yalikuwa yale yale: mfumo unafanya kazi vizuri.

Mabadiliko yalikuja kwa msukumo wa pande mbili. Nje, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1930 mkataba dhidi ya kazi ya lazima, na mwaka 1939 mkataba uliozitaka serikali za makoloni ziondoe hatua kwa hatua adhabu za jinai kwa kuvunja mapatano ya kazi. Ndani, askari waliorudi kutoka Burma na Uhabeshi mwaka 1945 walikuta bado wanatakiwa kuwaonyesha kipande polisi wa mji walioutetea. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria tangu 1944, aliisema hoja hiyo barazani. Kenya African Union kiliisema kwenye mikutano ya hadhara, na baada ya Kenyatta kurudi mwaka 1946 ikasikika kauli ya kuvichoma moto vipande vyote.

Serikali ilijibu kwa sheria ya usajili wa watu ya mwaka 1947. Badala ya kukifuta kitambulisho, iliwataka wanaume wa rangi zote wasajiliwe na kupigwa alama za vidole. Katika karatasi mpya hapakuwa tena na mahali pa mwajiri, na hilo ndilo lililokuwa badiliko kubwa. Walowezi wengi waliipokea sheria hiyo kwa hasira isiyotarajiwa. Walifanya mikutano, wakaandika magazetini kwamba kupigwa alama za vidole ni jambo la wahalifu, na kwamba mtu mwenye heshima hawezi kukubali. Kwa miaka thelathini walikuwa wameliona jambo hilo kuwa la kawaida kabisa kwa wapishi na madereva wao. Mwaka 1949 ikateuliwa tume ya Sir Bertrand Glancy, ikapendekeza kwamba mtu awezaye kujaza fomu kwa Kiingereza na kutoa picha zake asilazimishwe kupiga alama za vidole. Waafrika waliuona mlango huo kuwa ni ubaguzi wa zamani uliorudishwa kwa jina la elimu.

Utulivu haukudumu. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekewa vitabu vya kupitia na vibali vya kusafiri, na katika msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954 karatasi iliamua nani anarudi nyumbani na nani anapelekwa kizuizini. Vitabu hivyo vilikwisha pamoja na hali ya hatari, lakini sheria ya 1947 iliingia katika Kenya huru, nayo ndiyo iliyobaki msingi wa vitambulisho vya taifa, vikiwasajili wanaume tu hadi ilipobadilishwa mwaka 1978 ili kuwaingiza wanawake. Mitaani wapo wanaoendelea kukiita kitambulisho hicho kipande.

Uhusiano wa mwajiri na karatasi ya mfanyakazi uligeuzwa na sheria nyingine. Sheria ya ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi chenye jina la mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, aina ya kazi na mahali ilipofanyiwa. Mshahara haumo katika mambo yanayotakiwa kuandikwa, na mwajiri halazimiki kusema lolote kuhusu tabia ya mtu. Anayekataa kwa makusudi au kwa uzembe kutoa cheti hicho ndiye anayetenda kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.